Kaa Hapo Hapo

Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili darasa la pili tulimwita Mwalimu Maneno. Mimi nafundisha hesabu chumba cha jirani, kati yetu ukuta wa mbao tu, na sisemi uongo, alikuwa ananikera. Maana ya neno haandiki ubaoni, watoto wanaitenda. Neno lisipopita mwilini, alituambia, kichwani halidumu. Wiki ile walikuwa kwenye "kaa". Akilitamka tu, darasa zima linainama na kutembea upandeupande, kaa wa baharini watupu, vidole vinabanabana, madawati yanagongana. Hesabu gani ingeeleweka hapo?

Siku moja wiki hiyo hiyo akawapa "paa", wakatafute maana zake. Kidoti, binti wa mlinzi wetu, mdogo kuliko wote na mbishi kuliko wote, hakutaka kusimuliwa paa ni nini. Fundi wa mabati alikuwa ameegemeza ngazi kwenye paa la ghorofa ya shule. Niliposikia mayowe nikatoka, na mtoto yuko juu ya mabati, hatua chache tu kutoka ukingoni.

Baba yake akaja mbio, rungu limemdondoka njiani. Akapaza sauti, "Kaa, mama! Kaa hapo hapo!"

Kidoti akatii. Akainama, akainua vidole, akaanza kwenda upande. Upande wa ukingoni.

Mabati yakalia. Baba mtu akazidi kuita kaa, kaa, na kila akiita mtoto anaongeza hatua. Mimi nilishaelewa kinachotokea. Usiombe yakukute. Mwalimu Maneno akamziba mlinzi mdomo kwa kiganja. "Keti" alikuwa hajawafundisha, aliniambia baadaye. Aliliona jepesi mno.

Akasogea uwanjani, pale mtoto angemwona vizuri. Akajibwaga mavumbini na sketi yake nyeupe, akakunja miguu. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya darasani, "Keti."

Kidoti akamtazama. Mguu mmoja ulikuwa hewani. Akaurudisha. Polepole akashusha makalio kwenye mabati, akakunja miguu vilevile.

Fundi alikuwa ameshaanza kupanda ngazi nyuma yake. Sisi wa chini roho mkononi. Ndipo sauti ikatoka huko juu.

"Mwalimu, keti ina maana ngapi?"

"Moja, mwanangu," akajibu, machozi yanamtiririka. "Moja tu."