Raba za Kulia Hulala kwa Jirani

Saa mbili asubuhi ya Jumatatu, Khamisa Mbarak anapanga raba za kushoto. Anazitoa mfukoni moja moja, anazipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, kisha anazisimamisha kwenye rafu ya waya, pua zikitazama ukumbi. Harufu ya gundi na maandazi inapanda ngazi kutoka ghorofa ya chini.

Katika jengo hili la katikati ya Nairobi, lililokatwakatwa kwa plaiwudi hadi kila chumba kikazaa viduka vinne, hakuna mwuza raba anayeweka pea nzima mbele ya watu. Mguu wa kushoto hukaa rafuni. Wa kulia hulala kwa jirani, ndani ya gunia, ng'ambo ya mbao inayotenganisha viduka. Mwizi akivunja kiduka kimoja ataondoka na miguu ya upande mmoja, na hatapata wa kumuuzia.

Jirani wa Khamisa ni Obuya, mwuza raba mwenzake, mwanamume wa makamo kutoka Siaya mwenye sauti nzito na utani usiokwisha. Kwa miaka minne ameilinda miguu ya kulia ya Khamisa, naye Khamisa ameilinda yake. Mteja akipenda kiatu, Khamisa hutaja jina na namba, na mguu wa pili hupitishwa juu ya mbao. Asubuhi hugongeana hiyo mbao mara moja, ndiyo salamu yao.

Leo hakuna aliyegonga. Khamisa ameshika raba ya nane mkononi wakati gunia linapotokeza juu ya mbao, likaning'inia kidogo, kisha likaanguka miguuni pake. Ng'ambo ya pili mlango unafungwa.

Analifungua. Ndani mna miguu yake ya kulia, yote, hata ile ya viatu vya shule.

"Kumrudishia mtu viatu vyake vya kulia hapa kwetu ni kama kumrudishia mahari," anasema Khamisa, mwenye umri wa miaka thelathini na saba. "Ina maana mimi na wewe basi."

Hamwiti Obuya. Hamuulizi. Anafunga mlango wake kwa ndani, anawasha taa ya simu, na anaanza kukagua viatu kama mtu anayetafuta nyoka.

Anaanza na Chungwa. Hilo ndilo jina ambalo wauzaji wa mjini wameipa raba moja ya rangi ya chungwa iliyotolewa mapema mwaka huu na kampuni ya ng'ambo. Kampuni ilitangaza kwamba ni pea chache tu, na haitazitengeneza tena. Wanaozitaka waliomba kwa simu, kisha kura ikapigwa. Zuhair, kakake Khamisa anayefanya kazi Dubai, aliwaomba wenzake wote anaoishi nao chumbani waombe. Walishinda pea sita, na Khamisa akazinunua zote.

Pea iliyomgharimu shilingi elfu kumi na nane ilikuwa ikiuzwa mjini kwa elfu arobaini mwezi uliofuata. Kwa mwanamke ambaye mwezi mzuri humwachia elfu thelathini baada ya kodi, pea hizo sita zilikuwa shamba. Aliamua kungoja bei ikomae.

"Kampuni ikichota kwa kijiko, sisi twala," anasema kwa lafudhi ya Mombasa alikozaliwa. "Ikimwaga kwa ndoo, twazama. Na haisemi lini itashika kijiko wala lini itashika ndoo. Ndiyo maana hapa kila mtu amtazama mwenziwe kwa jicho la pembeni. Huenda yeye ashajua."

Jicho lake la pembeni lilimwangukia Obuya wiki mbili zilizopita. Siku hiyo jirani yake aliegemea mbao akitafuna njugu, akamwambia, "Mama Zaki, hii Chungwa imechoka. Uza."

"Imechoka wapi, jirani, na bei yapanda?"

"Wewe na Kiswahili yako ya Mombasa. Uza tu. Kisha ujiulize namba arobaini na mbili iko wapi."

Khamisa alicheka, lakini neno lile lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki. Katika biashara hii, anasema, anayekwambia uza ndiye anayetaka kununua. Obuya alikuwa ameshauza Chungwa zake zote. Pengine alikuwa na mteja, akitaka za Khamisa kwa bei ya chini.

Shaka ile ilikuja wakati mbaya. Makau, msimamizi wa jengo, alikuwa amepita kila kiduka akieleza kwamba mwenye nyumba amechoka na vyumba vidogo. Kuanzia mwezi ujao mbao itaondolewa kati ya kila viduka viwili, na anayetaka kubaki alete jina la mshirika wake. Asiye na mshirika atafute pengine.

Khamisa hana pa kwenda. Wateja wake wanaijua ngazi hii, na mwanawe Zaki anasoma Parklands, umbali anaoweza kumfikia akiitwa shuleni. Mtu mmoja tu ndiye anayemfaa kushirikiana naye, na ndiye huyo aliyemwambia auze.

Hivyo akaamua kumpima. Alichukua kalamu ya buluu anayoandikia bei, akainua soli ya ndani ya kila Chungwa la kulia, akatia nukta ndogo chini yake, kisha akarudisha gunia ng'ambo. Kama Obuya angebadilisha kiatu halisi kwa feki, nukta ingepotea.

Sasa, mlango ukiwa umefungwa na taa ya simu ikimulika ndani ya viatu, anazihesabu. Nukta zote sita zipo.

Mtu mwingine angeshusha pumzi. Khamisa anazidi kukunja uso. Kama hajaiba, anajiuliza, mbona amerudisha? Mtu hurudisha mali yako mapema ili siku nyingine ukipoteza kitu aseme hakikuwa kwake. Au ameshampa Makau jina la mshirika mwingine. Juzi alimwona Obuya akinong'ona na Makau ngazini, na wote wawili walinyamaza alipopita.

Kabla ya adhuhuri ameamua jambo moja. Atauza Chungwa leo, asimpe Obuya nafasi. Anampigia Karanja, mhasibu anayeishi mtaa wa Muthangari na anayekusanya raba asizozivaa. Karanja anamwambia alete moja, aione. Sauti yake haina haraka ya siku zote, na hilo nalo Khamisa analitia kwenye fungu la mambo yasiyomtuliza.

Anapanda pikipiki na kuteremka kwenye lango jeusi lenye maua ya bogenvilia juu. Karanja anatoka akiwa amevaa ndara. Hakaribishi mtu ndani. Anapokea boksi, anakitoa kiatu cha kulia, na kabla ya kutazama mshono wala rangi, anaingiza vidole na kuinua soli ya ndani.

"Hata hii iko nayo," anasema.

Khamisa anauliza iko na nini, ingawa ameshaona kidole chake kimeelekea wapi.

"Hii alama. Jumamosi nilikuja kwako ukawa umetoka. Yule jirani yako akataka kuniuzia kwa niaba yako, akachukua ya kushoto kwa rafu yako, ya kulia kwa gunia. Nikainua hapa nikapata kalamu. Kiatu ya kukusanya haiguswi na kalamu, mama. Nikamwambia ananiuzia feki. Nilisema kwa nguvu, watu wakajaa."

"Naye akasema nini?"

Karanja anakwaruza shingo. Anasema Obuya aliitazama ile nukta kwa muda mrefu, kisha akatazama rafu ya Khamisa, pale kwenye vibandiko vya bei. Halafu akaomba msamaha. Alisema kiatu ni halisi, ila yeye ndiye aliyekichafua kwa bahati mbaya. Watu waliokuwa pale walimwita mwizi, naye akasimama tu.

"Kumbe ni wewe uliyeitia," Karanja anasema, bila ukali. Anarudisha kiatu ndani ya boksi vizuri, karatasi yake juu. Kisha anamwonyesha simu. Chungwa limerudi tangu alfajiri. Namba zote, bila kura, kwa bei ya dukani. Binamu yake aliye ng'ambo ameshamnunulia.

Khamisa anabaki langoni na boksi lake mikononi. Kijiko kimekuwa ndoo. Hata pea zisizo na doa zitarudi bei ya chini, na zake sita zina wino.

"Si hasara iliyoniuma," anasema baadaye. "Hasara nimeizoea. Nilijiona nimesimama pale kwenye umati wa Jumamosi, nami pia namwita mwizi. Kwani nilikuwa nikimwita hivyo wiki nzima, ila moyoni."

Anarudi mjini alasiri. Kwenye ngazi anakutana na Makau, ambaye anataka kujua kama ameshapata mtu. Mwenye nyumba anayataka majina. Khamisa anamuuliza Obuya ameandika jina la nani.

"Yeye? Hajaandika," anasema Makau. "Juzi alikuja kuniomba ningoje. Anasema kuna mtu anamngojea aongee."

Khamisa anapanda ngazi zilizobaki polepole. Kidukani mwake gunia liko palepale lilipoanguka. Ng'ambo ya mbao kunasikika brashi ikisugua kiatu, shwa, shwa, shwa. Anagonga mara moja. Brashi inasimama, kisha inaendelea.

"Jirani."

"Tumefunga," anajibu Obuya. "Sisi wezi tunafunga mapema."

Mwanamke anayeuza soksi upande wa pili wa ukumbi anacheka, kisha anaona uso wa Khamisa na kujishughulisha na soksi zake. Khamisa anavuta kigoda, anakipanda, na kwa mara ya kwanza leo anamtazama Obuya usoni juu ya mbao. Obuya ameketi juu ya kreti, kiatu cha mteja mkononi, miwani kwenye ncha ya pua.

Khamisa anamuuliza mbona alijitwika kosa lisilo lake mbele ya Karanja.

"Ningesema nini? Ningesema ni jirani, leo ungekuwa na mteja gani?" Anaipuliza brashi. "Mimi watu watasahau. Mwanamume kuitwa mwizi hapa mjini ni kama kuitwa boss."

"Na gunia?"

Hapo utani unamwisha. Anaiweka brashi chini. Anasema aliijua kalamu ile mara moja, kwa kuwa kila siku anaiona kwenye vibandiko vya bei. Usiku ule wa Jumamosi alizikagua zilizobaki akazikuta zote zimetiwa nukta. "Kulinda mali ya mtu anayekupima, hiyo ni kazi ya askari," anasema. "Na askari analipwa. Mimi nilikuwa nalinda bure kwa sababu nilidhani tunaaminiana."

Khamisa anaegemea mbao. Anamuuliza ile namba arobaini na mbili ilikuwa na maana gani.

Obuya anamweleza kama mtu anayemweleza mgonjwa dawa aliyokataa kuinywa. Chungwa zote zilizoingia mjini mara ya kwanza zilikuwa za miguu midogo sana au mikubwa sana. Thelathini na nane. Arobaini na tano. Za katikati, ambazo ndizo miguu ya watu wengi, hazikuonekana popote. "Kampuni haiwezi kusahau miguu ya nusu ya dunia," anasema. "Ikificha namba za katikati, inazileta baadaye. Inangoja nyinyi mpandishe bei, watu wajue kiatu ni cha maana. Mnaitangazia bure, halafu inauza. Nimeiona ikifanya hivyo mara tatu."

"Mbona hukunambia hivyo wazi?"

"Ungeniamini?"

Mama wa soksi ameacha kabisa kupanga soksi.

Akizungumza kuhusu mipango yake, Khamisa anasema hatangoja tena kiatu kikomae. Anataka kuuza raba za watu wanaotembea, namba arobaini na moja, arobaini na mbili, arobaini na tatu, kwa faida ndogo inayojirudia. Zile Chungwa sita ataziuza kwa watu watakaozivaa, na kila mmoja atamwonyesha nukta kabla hajalipa. Mpango huo, anasema, ameuota tangu siku Makau alipopita na tangazo lake, lakini hauwezi kufanywa na mtu mmoja, wala ndani ya kiduka kisichotosha watu wawili kupishana.

Hapo juu ya kigoda hayasemi hayo yote. Anainama, analinyanyua gunia kwa mikono miwili, na kuliweka juu ya ukingo wa mbao. Linakaa pale, nusu kwake, nusu kwa Obuya. Obuya halipokei. Anavua miwani, anaitazama kalamu ya buluu iliyochomekwa kwenye buibui ya jirani yake, kisha anauliza kama amemletea kazi ya askari tena.

"La," anasema Khamisa, na sauti yake inasikika hadi ngazini. "Sikukuletea ulinde. Nilikupima kwa kuwa nilitaka tushirikiane nikaogopa kukuuliza, nawe ulikuwa wangoja niseme. Basi nasema. Nataka hii mbao ivunjwe, Obuya. Rafu iwe moja, na viatu vikae pea."