Picha Iliyomfanya Neema Staa

Enzi zetu, wazee wenzangu wa miaka kumi na sita, kupigwa picha ilikuwa kazi. Si kama hawa watoto wa darasa la pili wanaojipiga hata wakiwa wanapiga mswaki.

Nakumbuka kikundi chetu cha ngoma cha kanisani, hapa mtaani kwetu Norsborg, ughaibuni. Tulikuwa na miaka tisa. Mchezaji nilikuwa mimi. Mbele palikuwa pangu, na kiuno changu kilijulikana mpaka mtaa wa Spånga, ng'ambo ya jiji. Binamu yangu Neema alicheza kama mtu anayetafuta soksi gizani. Hata mama yake alikuwa anatazama pembeni.

Siku moja Mjomba Kato, Mganda mpenda vitu vya kale, akaja na kamera ya sanduku yenye miguu mitatu, ile inayovuta picha polepole, atupige kama walivyopigwa wachezaji wa zamani. Ukumbi ulinukia sambusa na viatu vilivyolowa theluji. Akajifunika kitambaa cheusi. "Mikono juu kama munacheza, lakini musitikisike mpaka niseme amina!"

Amina yenyewe ilichelewa kama ya mchungaji. Ngoma ilikuwa bado mwilini; nikatikisa bega, kidogo tu, haki ya Mungu. Neema, ambaye kusimama ndiyo kipaji chake, alitulia kama mlingoti.

Picha ikatundikwa kwenye saluni ya mama yake. Neema katoka malkia. Mimi nimetoka moshi. Moshi uliovaa gauni! Wamama wakaanza: "Eh, muone ule mutoto wa picha, anajua kucheza!" Wadogo wakawa wanaiga mkono wake. Krismasi ilipokaribia, mwalimu wetu wa ngoma, Mkongomani, akaniambia, "Ma chérie, watu wanakuja kuona yule wa picha. Wewe rudi nyuma."

Nyuma! Nikacheza Krismasi nzima nikitazama kisogo cha Neema, tumboni nina sambusa yake niliyomwibia. Haikunisaidia.

Wiki iliyopita nilikuwa nasukwa chini ya picha ile ile. Katoto ka miaka saba kakaacha simu yake, kakanyoosha kidole kwenye moshi. "Mbona anayecheza ni huyu tu?"

Nusura nilie. "Ni mimi," nikasema.

Kakanitazama juu mpaka chini, kisha kakamkimbilia Neema pale mlangoni mwa saluni, wapige selfi.

Nawaonea wivu hawa watoto. Wanaruka, simu inawadaka wakiwa bado hewani. Sisi ilibidi uache kucheza ndipo uitwe mchezaji.