Daraja la Zamani la Kushukia Muze

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nitaikumbuka hata nikisahau jina langu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka kumaliza masomo ya jioni ya watu wazima kwa mwanga wa kibatari, na kiburi changu kilikuwa kirefu kupita milima yote ya Ufipa. Nilisoma kila kitu: karatasi za sabuni, magunia ya mbolea, hata majina ya marehemu makaburini.

Baba alinituma Muze, kule bondeni, nipeleke ulezi wa pombe ya harusi ya dada yangu. Nikafunga maksai wawili, nikapakia magunia sita kwenye mkokoteni, nikamchukua rafiki yangu Osward tusaidiane kuuzuia mteremkoni. Enzi hizo njia ilipita juu ya daraja hili hili mnalolibishania leo: nguzo ndefu za mawe, mbao juu, na chini korongo ambalo ukidondosha jiwe asubuhi, utalisikia mchana.

Desturi ilikuwa moja. Ukifika darajani unashusha mzigo, unawafungua ng'ombe, unatangulia na fimbo ukigonga ubao mmoja mmoja. Ubao mzima hujibu kwa sauti nene. Uliooza huitika kama debe tupu. Ndipo unavusha gunia moja moja. Mzee Gaudensi, aliyelima jirani na pale na ndiye aliyebadilisha mbao, alitusimamisha.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Shusha mzigo, mjukuu wangu. Sijagonga tangu mvua zilipokatika."

Nikamwonyesha kibao cha chuma kilichosimikwa mwanzo wa daraja. "Babu, imeandikwa hapa: mwisho tani tatu. Sisi hatufiki hata mbili."

Osward akacheka. "Mwache apite, babu. Huyu ni profesa wa kibatari!"

Sikugonga hata ubao mmoja; nikawaswaga maksai moja kwa moja darajani. Katikati nikasikia mlio mdogo, kama mtu anavunja hindi, na mguu wa maksai wa kulia ukazama. Mkokoteni ukainama. Mwanangu, mimi hupenda kuongeza chumvi, lakini hapa siongezi hata punje: nilishika ukingo kwa mikono miwili. Ng'ombe alinitazama. Kupitia ule ufa niliona maji yakimeta mbali sana, na magunia yakaanza kumtelezea Osward, aliyekuwa ubavuni mwa mkokoteni, moja baada ya jingine, yakimsukuma ukingoni.

Mzee Gaudensi akaja akitambaa kwa tumbo, panga kiunoni. Akamvuta Osward kwa ukosi wa shati, kisha akakata kamba za nira. Maksai mmoja akaokoka. Yule mwingine akaenda na mkokoteni na ulezi wote. Tulisubiri kishindo. Kilichelewa mno.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Miguu yangu mimi ni mizima. Aliyelipa ni yule maksai, asiyejua kusoma.

Mzee hakunipiga. Aliketi chini, akasema, "Kibao kile kiliandikwa daraja likiwa jipya. Mbao zimezeeka. Maandishi hayazeeki."

Leo barabara mpya imepita kwingine, na gari la mwisho lilivuka pale wengi wenu hamjazaliwa. Nasikia mnataka kutandika mbao mpya juu ya zile za kale ili bodaboda zikatishe kwenda Muze, na mkutano ni Jumamosi. Mjukuu wangu Deo kanionyesha kwenye simu picha yake: kasimama katikati ya daraja, anacheka, na nyuma yake kile kibao kingali kinasomeka vizuri.

Sisemi libomolewe. Mawe yale babu zetu waliyabeba vichwani, na pengine yatawavusha wajukuu zenu. Ila ng'oeni kwanza mbao zote, aje fundi wa madaraja azikague nguzo, na mpaka atakaposema neno, zibeni njia kwa miiba huku na kule. Nami Jumamosi nitakuwepo, na fimbo yangu.

Na katika mengine ya dunia, mwanangu, soma, soma sana, kisha ugonge. Mzee akikuambia shusha mzigo, shusha. Kuupakia tena ni kazi ya nusu saa tu.

Mungu akupe miguu ya kufika mbali na masikio ya kusikia kilicho chini yake. Na kila ubao utakaoukanyaga, ukujibu kwa sauti nene.