Mama Hataki Mabati Yake Yatobolewe

Mwaka mzima nimegombana na Mama kuhusu kumwekea paneli za sola juu ya paa. Leo nimeshindwa.

Hoja yake ni moja tu: "Hao watu wako watatoboa mabati yangu, mvua iingie."

Nimemtumia video za mafundi wakiziba matundu. Hakubali.

Basi leo nikafika kwake kijijini Sugoi na fundi na paneli, bila kuuliza.

Fundi alipanda, akagonga hapa na pale. Akashuka polepole.

"Madam, mbao za huko juu zimeoza. Haziwezi kubeba paneli. Na hapo juu ya chumba cha Mama panavuja kitambo."

Nikaingia chumbani. Kitanda kimesukumwa hadi ukutani. Kilipokuwa, kuna beseni lenye maji ya mvua ya jana.

"Hilo ni la kufulia," Mama akasema.

"Unafulia chumbani, Mama?"

Akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Ningekuambia, halafu uache kumlipia ndugu yako karo?"

Jamani, nimechoka. Paneli zimerudi mjini. Pesa ya sola sasa ni ya mbao na mabati.

Mama amemwaga maji, akarudisha beseni palepale.

Na wazazi wenu, wanakataa nini? Mmeingia vyumbani mwao hivi karibuni?