Kiti cha Rubani

Fundi makochi alikuwa mkwe wa nyumba ile kwa miaka kumi na saba, na kwa miaka yote hiyo mama mkwe wake hakumruhusu aguse hata mto wa sebuleni. Makochi yalipochakaa, aliyafunika vitambaa. Alisema si heshima kumtumikisha mkwe. Maneno mazuri, ila kila mtu alijua maana yake: mwalimu mkuu mstaafu kama yeye hakumzaa binti ili aolewe na gundi na sponji.

Basi fundi alipopewa kazi ya kutengeneza viti vya ndege kwa filamu ya utekaji, na juu yake nafasi ya abiria anayemrukia mtekaji na kufa kishujaa, aliona Mungu si Athumani. Siku ya onyesho la kwanza alimkalisha mama mkwe safu ya mbele. Shemeji yake, mwenye ulimi wa pilipili, alijialika mwenyewe.

Ndege ilipaa. Dirishani palikuwa na wingu moja, na wingu hilo liliwasindikiza safari nzima kwa uaminifu wa ajabu. Abiria mia mbili walikuwa watu tisa waliobadilishana kofia. Watekaji walitoa vitisho kwa saa nzima, hata mmoja akapiga miayo, na hicho ndicho kitendo pekee kilichoaminika.

Fundi hakujali. Alikuwa anangoja kifo chake.

Kifo hakikuja. Mtekaji alijikwaa kwenye zulia, akaanguka bila msaada wa mtu. Pembeni ya picha kilionekana kiwiko.

"Hicho ni chako, shemeji?" mwenye pilipili akanong'ona. "Kimejitahidi. Hakikusahau hata neno."

Kumbe makubwa yalikuwa bado. Fundi ana desturi ya kushona kitambaa chenye nambari yake ya simu nyuma ya kila kiti anachomaliza. Kwa viti vya filamu alikatazwa, naye akatii, isipokuwa kimoja ambacho mikono ilikimaliza kwa mazoea. Mtekaji wa pili alipomwekea rubani bastola kisogoni, kamera ikasogea taratibu, ikasogea tena, hadi pazia zima la sinema likajaa maandishi: MAKOCHI IMARA, PIGA SIMU.

Watu wakapiga. Simu ya fundi ikalia mfukoni, safu ya mbele, rubani akiwa anaomba asiuawe. Kwa woga akaipokea. Sauti kutoka viti vya nyuma ikasema inataka kochi la watu watatu, bila watekaji. Ukumbi ukaangua kicheko. Mama mkwe alitazama mbele, mgongo umenyooka kama rula.

Filamu ilipokwisha, fundi alimfuata hadi nje kama mshitakiwa anayekwenda kusomewa hukumu. Shemeji alikuwa ameshafungua kinywa. Mama akainua kidole kimoja, kinywa kikafungwa.

"Mkwe," akasema, "mle ndani kila kitu kilitikisika. Mabawa, mlango, hata yule rubani. Kiti chake hakikutikisika."

Fundi akainama. "Ndiyo, mama."

"Kesho uje na futi yako, uyapime makochi yangu." Akafunga vizuri kilemba chake. "Na hiyo nambari usinishonee. Kwetu tunajua pa kukupata."