Kilio changu kilipewa tuzo, sasa nimeshindwa kulia

Admini, ficha jina langu. Si kwamba naogopa mtu, ni heshima ya marehemu. Nina miaka sabini na mbili, ni mjane, naishi mtaa wa Tena na nauza mboga kibandani. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mtu asinisahihishe. Na nyinyi ambao kazi yenu ni kucheka kila kitu kwa simu, piteni mwende, hapa hakuna lenu.

Binti yangu wa pekee aliaga mwaka juzi. Aliugua kidogo tu, tukidhani ni malaria. Tulimpeleka nyumbani, upande wa magharibi, tukamzika kando ya babake. Kwetu mama halilii mtoto wake akiwa amekaa kwa kiti kama mgeni. Unaamka alfajiri, unazunguka boma, unamsemesha maiti, unamgombeza. Na mimi nilimgombeza. Nilimwambia, "Amka, wewe! Nani alikupa ruhusa kunitangulia? Umeniachia mtoto mzima hivi, nimbebe kwa mgongo gani?" Nililia mpaka sauti ikakatika. Hiyo haikuwa nyimbo. Hayo yalikuwa maneno yangu na mtoto wangu.

Huyo mtoto mzima ni mjukuu wangu, kijana wa miaka ishirini na tatu anayetengeneza muziki. Asubuhi ile alikuwa amesimama karibu na jeneza na simu mkononi. Nilidhani anawaandikia marafiki zake habari ya msiba. Kumbe ananirekodi.

Miezi ikapita. Siku moja nakata sukuma wiki, kinyozi wa jirani akafungulia muziki. Ngoma inapiga, halafu ndani yake mwanamke analia. Nikasema, maskini, huyu naye amefiwa na nani? Kisu kikaniponyoka. Alikuwa ni mimi. Na pale mlangoni vijana wanatikisa mabega!

Kinyozi akaniita, "Shosho, si hii ni ya mjukuu wako? Umeomoka, sasa ni pesa tu!"

Nikamjibu, "Omoka wewe na ukoo wako wote. Zima hiyo kitu."

Mjukuu wangu alipoingia jioni nilimngoja mlangoni. Akaanza, kwa lile jina la kwetu la nyanya, "Kukhu, nilikuwa nikuambie wimbo ukishashika." Nikamuuliza kama mamake pia alikuwa anangoja ushike ndio aambiwe. Aliinama chini, chakula hakula. Lakini wimbo hakuuondoa.

Basi ukashika. Ukashinda tuzo ya wimbo bora wa vijana. Alileta kile kikombe akakiweka kwa kabati kando ya picha ya mamake, na majirani wakamiminika kupiga nacho picha. Nilipika chai, ningefanya nini, mgeni ni mgeni. Nikajiambia, nyamaza mama, nyimbo za siku hizi hazikai, hii nayo itazeeka.

Mwezi uliopita dada yangu akafa. Dada tuliyelala naye ngozi moja tukiwa wasichana. Nilifika kwake alfajiri, nikatupa viatu, nikafungua mdomo nimlilie. Neno la kwanza tu, nikasikia vijana kule nyuma ya hema wananifuatisha. Wanajua mahali pa kuingia! Wengine wakainua simu juu. Msichana mmoja alikuwa amefunga macho akiyumba kama yuko densini. Nikafunga mdomo. Dada yangu nimemzika kimya, kama mtu asiye na ndugu. Wazee wa pale waliniangalia vibaya na hawakukosea.

Sasa sikieni. Kuna mwalimu mmoja wa vaolini ameuchukua huo wimbo akaupangia vyombo vyake, na umeteuliwa tena, safari hii kwa tuzo ya muziki wa wale wanaovaa nyeusi tupu kama wafiwa na hakuna aliyekufa. Sherehe ni Jumamosi. Wanataka nisimame mbele ya hao wapiga vaolini nilie mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nilimwambia mjukuu wangu, kwetu kilio hakitolewi bila maiti. Ukilia bure, unaita maiti mwingine. Na mimi nimebaki na wewe peke yako, niite nani?

Nilidhani atasema hizo ni imani za kitambo. Hakusema. Alikaa kwa kitanda akaniambia, "Kukhu, wewe ulilia, kijiji kizima kikakusikia. Mimi wajomba walinishika bega wakaniambia mwanaume halii. Nikameza. Mpaka leo sijamlilia mama. Nikisikia sauti yako ndani ya ule wimbo, hapo tu ndio koo hufunguka kidogo. Jumamosi nataka nimlilie, na bila wewe siwezi kuanza."

Mimi, ambaye sokoni wananiogopa kwa mdomo, nilipata neno moja tu, "Siendi." Akachukua begi lake. Sasa yuko kwa rafiki yake, mtaa wa Njiru, simu hashiki. Najua yuko hai kwa sababu wimbo bado unapigwa kila mahali na watu wananipongeza.

Usiniandikie "shosho songa na wakati." Wakati nimeusonga miaka sabini na mbili bila msaada wako. Wamama wa rika langu wajibu kwanza, na nyinyi vijana mliofiwa na mama mkaambiwa mnyamaze, nyinyi pia semeni. Niende nikatoe kilio mbele ya watu wanaokula keki, ndio mtoto huyu apate kumlilia mamake? Ama nikatae, nilinde uhai wake, na nimpoteze hivyo hivyo? Nishaurini kabla ya Jumamosi. Mtu wa kunizika ni huyo mmoja tu, na sijui kama siku hiyo atafungua mdomo anililie, ama atafungulia spika.