Anwani Mpya ya Mama Chediel

Binti anayeandika programu za kompyuta karibu na stesheni ya Itigi hupuliza vidole kabla ya kugusa vitufe, kama mtu anayeogopa ugali wa moto. Akikosea hujizomea kwa Kinyaturu, kisha hucheka. Mimi kazi yake siipendi. Zamani mtu alikuwa na sanduku moja la posta mpaka kufa. Programu ya huyu humzalia kila mteja anwani mpya, mkia mrefu wa herufi na tarakimu ambao mate yatakukauka kabla hujamaliza kuusoma.

Jana Mama Chediel, muuza asali, alikuja kuchukua anwani ya kupokelea sarafu za mtandaoni kutoka kwa mnunuzi wa ng'ambo.

"Si ninayo ya posta?"

"Hii ni nyingine, mama."

"Kumbe nimehama bila kujua?"

Binti alicheka hadi akashika meza. Lakini herufi moja ingekosewa, malipo ya asali ya msimu mzima yangepotea yasirudi, kwa hiyo alimwomba mnunuzi atangulize kiasi kidogo sana. "Kwanza tunapaka nta," alisema. Nilishtuka. Nani alimwambia kwamba mzinga mpya hupakwa nta ili nyuki waukubali? Vijana wa leo hawajui hayo. Wakasubiri, vichwa vimegusana mbele ya kioo, mpaka kompyuta ikalia.

"Wameingia?" aliuliza Mama Chediel.

"Wameingia, mama! Sasa kundi zima lije!"

Binti akapiga kigelegele kibovu kuliko vyote nilivyowahi kusikia, akakirudia.